Ujue Mti Kabla ya Kuukata: Kutambua Paini kwa Majani, Koni na Gome

Maelezo ya kusomwa katika mabaraza ya wadi na mikutano ya vikundi vya wakulima, Kaunti ya Kiambu

 

Mada ya leo ni miti. Kuhusu kupanda miti, wakazi wa Kiambu wamesikia mengi, hasa tangu serikali ya kitaifa ilipoweka lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Lakini kuna jambo linalotangulia kupanda, na linalotangulia kukata na kuuza pia. Jambo hilo ni kuujua mti wenyewe. Leo mtaelezwa jinsi ya kuutambua msonobari, ambao wengi huuita paini, na jinsi ya kuutofautisha na miti inayofanana nao.

Huenda mtu akauliza, kujua jina la mti kuna faida gani? Chukua mfano wa mkulima wa upande wa Lari ambaye Januari imefika na karo haijapatikana. Kwenye mpaka wa shamba lake kuna miti kumi na miwili iliyoachwa na marehemu baba yake. Dalali anakuja na lori, anaitazama akiwa barabarani na kusema, "Mzee, hizo zote ni saiprasi tu." Anataja bei moja kwa miti yote. Wanakubaliana, msumeno unawashwa, na kufikia jioni mpaka umebaki visiki. Kumbe kati ya miti ile, mitatu ilikuwa paini, na miwili ilikuwa mitarakwa, mti wa asili unaokua polepole na ambao mti mmoja mkubwa huenda umeishi karne nzima. Mkulima ameuza mtarakwa kwa bei ya saiprasi. Tena lori lile likisimamishwa njiani bila kibali, na ndani mkakutwa magogo ya mti wa asili, wa kwanza kuulizwa yalitoka wapi ni yeye.

Si mkulima peke yake. Kuna fundi aliyeuziwa mbao za paini zisizotiwa dawa akiambiwa ni saiprasi, akaezekea nyumba, na baada ya misimu michache mchwa wakawa wamefika kwenye paa. Kuna kikundi cha kina mama kilichonunua miche mia mbili ya "paini", na ilipofika magotini ikaonekana ni saiprasi. Kuna pia mkazi anayepiga simu kuomba msaada akisema paini zake zinakauka, afisa anafika amejitayarisha kwa ugonjwa wa paini, kumbe mti unaokauka si paini. Hasara hizi zote zina chanzo kimoja, nacho ni kutojua mti ni upi.

Miti mitano inayochanganywa

Katika mazungumzo ya kila siku, jina moja hubeba miti kadhaa. Kwa hiyo ni vizuri kuitaja miti yenyewe kwanza.

Wa kwanza ni paini. Hakuna paini hata moja ambayo ni ya asili ya Kenya. Zote zililetwa kutoka nje, na inayoonekana zaidi katika nyanda za juu, ile ya majani yanayoning'inia, asili yake ni Mexico. Wataalamu huiita Pinus patula. Ilipandwa katika misitu ya serikali kwa ajili ya mbao, na magharibi mwa nchi, sehemu za Turbo, ilipandwa kulisha kiwanda cha karatasi cha Webuye.

Wa pili ni saiprasi. Nao ni mgeni kutoka Mexico na nchi jirani za Amerika ya Kati. Ndio mti wa mbao unaopandwa zaidi katika misitu ya serikali, na ndio ua wa maboma mengi ya Limuru, Lari na Githunguri.

Wa tatu ni mtarakwa. Huu ni wa nyumbani. Nguzo zake zinajulikana kwa kustahimili mchwa na mvua kwa miaka mingi, na zamani mbao zake zilitengenezewa penseli.

Wa nne ni podo. Huu nao ni wa nyumbani, na mbao zake zilitafutwa sana kwa fanicha na sakafu.

Wa tano ni mvinje. Wengi wameuona Pwani, ambako ulitumika kufufua machimbo ya mawe ya Bamburi kuanzia miaka ya 1970, lakini hupandwa bara pia. Kwa mbali unafanana na paini kiasi kwamba hata waliosoma hudanganyika. Hata hivyo, hauna ukoo wowote na paini.

Ili kuitenganisha miti hii mitano, kuna mahali patatu pa kutazama: majani, koni na gome. Watu wengi huanza na gome kwa sababu ndilo lililo mbele ya macho. Gome ndilo linalodanganya zaidi, kwa kuwa hubadilika mti unapozeeka. Anza na jani, kisha tafuta koni, halafu malizia na gome. Na usikate shauri kwa kutazama kimoja tu.

Majani

Jani la paini ni sindano ndefu na nyembamba. Lakini sindano peke yake haitoshi. Alama kubwa ya paini ni kwamba sindano zake huota kwa vishada. Chomoa sindano moja taratibu, utaona inatoka pamoja na wenzake, zikiwa zimefungwa pamoja chini na ala ndogo nyembamba kama karatasi. Ukiona hivyo, huo ni mti wa paini. Mingine minne haina kitu hicho.

Sasa hesabu. Paini ya Mexico, hiyo patula, kwa kawaida ina sindano tatu kwa kila kishada, na mara nyingine nne au tano. Ni ndefu, kati ya sentimita 15 na 25, laini, rangi ya kijani kisichokolea, na huning'inia kuelekea chini kama nywele zilizochanwa. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuitambua akiwa barabarani.

Kuna paini nyingine iitwayo radiata, kutoka jimbo la California nchini Marekani. Nayo ina sindano tatu, lakini ni fupi zaidi, sentimita 10 hadi 15, za kijani kilichokolea, na haziningĩnii namna ile. Wazee waliofanya kazi misituni wanaikumbuka. Ilipandwa sana zamani, kisha katika miaka ya 1960 upanzi wake ukaachwa kwa sababu ya ugonjwa wa ukungu unaoitwa Dothistroma. Ugonjwa huo huchora mikanda myekundu kwenye sindano, sindano hukauka na kuanguka, na mti hubaki uchi kuanzia matawi ya chini kwenda juu.

Zipo mbili nyingine zinazopatikana zaidi sehemu zenye joto. Caribaea ina sindano ndefu na ngumu, tatu kwa kishada mara nyingi. Elliottii huchanganya: kwenye tawi moja utakuta vishada vya sindano mbili na vya tatu. Kwa hiyo, usihesabu kishada kimoja na kuondoka. Hesabu kumi, kutoka matawi tofauti.

Saiprasi haina sindano. Majani yake ni magamba madogo sana yaliyobanana kwenye vitawi, kama ngozi ya mjusi. Ukipitisha mkono, ni laini, hayachomi.

Mtarakwa uliokomaa nao una magamba kama hayo, na hapo ndipo watu hupotea. Lakini mtarakwa mchanga, na machipukizi ya chini ya mti mkubwa, huwa na majani yenye ncha yanayochoma mkono. Ukikuta kwenye mti mmoja mkubwa majani ya aina mbili, mengine magamba na mengine yanayochoma, shuku kwamba huo ni mtarakwa, na usiukate kabla ya kuuliza.

Podo ina majani bapa na membamba, magumu kama ngozi, yenye mstari katikati. Kila jani limeota peke yake, si kwa vishada.

Mvinje ndio wenye hila. Kinachoonekana kama sindano si jani, ni kitawi chembamba chenye vifundo. Kishike kwa mikono miwili na ukivute: kitakatika kwenye kifundo, vipande vipande. Majani yake halisi ni vimeno vidogo mno vinavyozunguka kila kifundo. Sindano ya paini haina vifundo.

Neno moja kwa wenye vitalu. Mche mdogo wa paini hauoti vishada mara moja. Mwanzoni huwa na sindano mojamoja, na vishada huja baadaye. Mche wa saiprasi nao huanza na majani ya sindano kabla ya magamba. Kwa hiyo kwenye kitalu, miche ya wiki chache hufanana, na macho hayatoshi. Kinachosaidia ni kujua mbegu ilitoka wapi na kuandika jina kwenye kibao siku ileile ya kupanda mbegu. Kiambu ina bahati: makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, yako Muguga, na kituo chake cha mbegu kipo hapo hapo.

Koni

Koni ni tunda gumu la paini, lile ambalo watoto hulichezea na wengine huwashia jiko. Limejengwa kwa magamba ya mti yaliyopangwa kwa kuzunguka, na juu ya kila gamba hukaa mbegu mbili zenye ubawa. Koni ikikauka magamba hufunguka, na upepo huzibeba mbegu. Ikilowa maji, magamba hufunga tena. Walimu wanaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili: tumbukiza koni kavu iliyofunguka kwenye ndoo ya maji, iache, kisha irudishe juani. Darasa zima litaelewa kwa nini mbegu hukusanywa wakati wa kiangazi.

Koni ya patula ina urefu wa sentimita 5 hadi 10, imepinda kidogo, na haina kikonyo cha kuonekana. Hukaa mbili, tatu hadi tano pamoja, zimeng'ang'ania tawi. Huweza kubaki zimefungwa juu ya mti kwa miaka. Kwa hiyo ukitazama juu na kuona matawi ya zamani bado yana koni za kijivu zilizofungwa, hiyo ni dalili nzuri.

Koni ya radiata ni kubwa zaidi na imekwenda upande. Magamba ya upande unaotazama nje yamevimba kuliko ya upande unaotazama tawi. Nayo hukaa mtini imefungwa kwa muda mrefu.

Koni za caribaea na elliottii zina mwiba mdogo kwenye ncha ya kila gamba. Ukiifumbata mkononi utahisi. Ya elliottii hung'aa kama iliyopakwa vanishi.

Koni za saiprasi ni tofauti kabisa. Ni za mviringo, ukubwa wa gololi, zenye magamba sita hadi nane, na kila gamba lina kichomo katikati. Zikiwa changa huwa na rangi ya kijani chenye unga wa kibuluu. Zikikomaa huwa kahawia na kupasuka.

Mtarakwa hauna koni ngumu. Una vitunda vidogo vya mviringo, vikubwa kidogo kuliko punje ya pilipili manga, vyenye rangi ya buluu iliyokaribia weusi na unga mweupe juu yake. Hiyo ndiyo njia ya hakika ya kuutenganisha na saiprasi. Lakini kuna jambo la kuzingatia. Kwa kawaida mtarakwa dume na mtarakwa jike ni miti miwili tofauti, na ni jike pekee linalozaa vitunda. Kwa hiyo kutoona kitunda hakuthibitishi kwamba mti ni saiprasi. Huenda ni dume. Rudi kwenye majani, kisha utazame gome.

Podo huzaa tunda lenye nyama, ambalo ndege hulipenda. Mvinje una vijikoni vidogo mno, kama pipa dogo lenye midomo iliyochongoka. Koni ndogo kuliko kidole gumba chini ya mti wenye "sindano" za vifundo ni ya mvinje.

Kabla ya kuacha koni, wakazi wanaopakana na misitu ya Kinale, Kereita na Uplands wasikilize jambo moja. Koni za patula zilizofungwa huwa zinangoja joto ili zifunguke, likiwemo joto la moto. Sindano zilizoanguka hurundikana chini, zina utomvu, na kiangazi kikikaza huwaka upesi. Anayetambua kwamba anapita katika shamba la paini anajua pia kwamba hapo si mahali pa kutupa kipande cha sigara, kurina asali kwa mwenge, wala kuacha makaa yakifuka.

Gome

Sasa gome. Ukiwa chini ya paini ya patula, gome utakaloliona mbele yako ni nene, la kijivu kilichochanganyika na kahawia, limepasukapasuka. Kwa gome hilo tu huwezi kusema mengi. Rudi nyuma hatua ishirini na utazame juu. Sehemu ya juu ya shina na matawi makubwa ina rangi ya chungwa iliyoiva, na gome lake ni jembamba, linabanduka kama karatasi. Rangi hiyo ya juu, pamoja na sindano zinazoning'inia, hutosha kuitaja patula hata ukiwa mbali.

Gome la radiata ni jeusi zaidi, nene, lenye mifereji mirefu iliyochimbika. Gome la caribaea na elliottii hugawanyika kuwa mabamba mapana.

Saiprasi ina gome la kahawia lenye wekundu, na mipasuko inayoteremka kutoka juu hadi chini. Likizeeka huwa la kijivu. Mtarakwa una gome jembamba lenye nyuzi, linalobanduka kwa mistari mirefu. Shina la mtarakwa mzee mara nyingi si duara safi. Lina mabonde na matuta kama nguo iliyokunjwa. Gome la podo hutegemea aina: moja hubanduka vipande vipande na kuacha mabaka, na nyingine hubanduka kwa mistari mirefu.

Kwa kuwa podo, saiprasi na mtarakwa zote zinaweza kuwa na gome la mistari, na kwa kuwa paini changa na paini nzee hazifanani gome, ndiyo sababu gome limewekwa mwisho. Ni shahidi wa tatu. Huthibitisha yaliyosemwa na majani na koni, lakini asisimame peke yake.

Na tafadhali, gome hutazamwa, halichunwi. Chini ya gome ndipo chakula cha mti hupita kutoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi. Mti ukichunwa gome kuuzunguka pande zote, hufa, hata kama hakuna aliyeugusa kwa shoka. Kipande kilichojibandua chenyewe kinatosha kwa mtu anayetaka kujifunza.

Mti ukishakuwa mbao

Kwenye yadi ya mbao hakuna majani wala koni, na gome limeondolewa. Mnunuzi afanye nini? Anuse na kutazama. Mbao mbichi ya paini ina utomvu unaonata na harufu ya tapentaini, na rangi yake ni nyeupe inayoelekea njano. Ikikaa na unyevu kabla ya kukauka, hupata madoa ya kibuluu. Paini ni mbao nzuri kwa kazi za ndani, na ikitiwa dawa ipasavyo hudumu. Bila dawa, mchwa huila. Saiprasi haina utomvu wa kunata namna hiyo, na harufu yake ni ile ya ua uliokatwa asubuhi. Kiini cha mtarakwa kina wekundu, na harufu yake ni ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Mtu akikuuzia mbao nyekundu yenye harufu ya penseli akiita saiprasi, muulize maswali kabla ya kutoa pesa.

Kwa nini jina la mti ni muhimu kwa afisa

Wadudu na magonjwa ya miti huchagua. Mwaka wa 1968 iligunduliwa nchini chawa wa paini, mdudu mdogo anayejifunika kwa kitu cheupe kama pamba. Huyo hushambulia paini. Mwaka wa 1990 aliingia chawa wa saiprasi, ambaye alikuwa amekwisha kuonekana Malawi mwaka wa 1986. Huyu alikausha ua na mashamba ya saiprasi katika sehemu nyingi za nchi, na hushambulia mtarakwa pia. Dothistroma nao ni ugonjwa wa paini, wala hauna habari na saiprasi.

Kwa hiyo, mkazi akisema "mti wangu unakauka", swali la kwanza litakuwa: ni mti gani? Jibu likiwa sahihi, afisa huja na ushauri unaofaa siku hiyo hiyo. Jibu likikosewa, siku zinapotea, na mdudu hamsubiri mtu.

La kufanya

Ukitaka kukata, kuuza, au kuripoti mti unaougua, na huna hakika ni upi, fanya hivi.

Kwanza, chukua kitawi chenye urefu wa kiganja, kikiwa na majani yake. Ikiwa ni mti mkubwa, chukua cha chini na, ukiweza, cha juu.

Pili, okota koni au tunda chini ya mti. Hakikisha limetoka kwenye mti huo, si kwa jirani yake. Lililo bado tawini ni bora.

Tatu, piga picha tatu kwa simu: gome karibu, gome la sehemu ya juu, na mti mzima ukiwa umesimama mbali.

Nne, pelekea afisa wa kilimo wa wadi au ofisi ya Huduma ya Misitu, KFS, iliyo karibu nawe. Wanachama wa vyama vya jamii za misitu nao wana watu wenye ujuzi wa miaka mingi, waulizeni. Kuuliza si ujinga.

Tano, ukiuza miti, andikianeni. Karatasi itaje kila aina na idadi yake: paini ngapi, saiprasi ngapi. Usikubali maneno "miti kumi na miwili" yakiwa peke yake. Na mbao au magogo yasiondoke shambani kabla ya kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kupatikana. Kibali hicho hutaja aina ya mti, na ndiyo maana makosa ya jina huishia barabarani.

Sita, mti ukionekana kuwa mtarakwa au podo, simamisha shughuli. Ukataji wa miti ya asili katika misitu ya umma umezuiwa tangu miaka ya 1980, na hata uliopo shambani mwako unahitaji ushauri wa afisa wa misitu kabla ya kuuangusha. Paini na saiprasi zinaweza kuvunwa na kupandwa upya. Saiprasi huwa tayari kwa mbao ikiwa na miaka 25 hadi 30. Aliyepanda akiwa kijana anaweza kuvuna akiwa hai. Mtarakwa mkubwa ukikatwa kwa makosa, aliyeukata hataishi kuona mwingine wa ukubwa huo mahali pale.

Mkirudi nyumbani leo, simameni kwenye mti wa kwanza wenye sindano mtakaoukuta njiani. Chomoeni kishada kimoja, mhesabu sindano, mtafute koni. Nendeni na watoto, kwa sababu wao ndio watakaorithi miti iliyo kwenye mipaka ya mashamba, na madalali watakuja kwao pia. Mtoto anayeweza kusema, "Hii ni saiprasi, lakini ule wa mwisho ni mtarakwa," amekwisha kulinda mali ya familia.

 Walio na vitawi na koni walizokuja nazo wazilete mbele, zitazamwe pamoja.